Diski ikifa nyumbani: hesabu ya Berkeley na maisha ya Kivu

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliamriwa kuondoka. Barabara ya Sake ilijaa watu. Wengine walivuka mpaka na kuingia Rwanda, wengine walipanda mashua kuelekea Minova na Bukavu. Aliyeondoka siku hiyo anakumbuka vizuri alichobeba: watoto, godoro, sufuria, mfuko wa karatasi za shule na kadi za kura. Vitu vizito vilibaki nyuma ya mlango, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa kati ya hivyo.

Ndani ya kompyuta hizo hukaa vitu ambavyo soko haliviuzi. Picha za ndoa na za ubatizo. Hati ya kiwanja iliyopigwa picha kwa simu. Nyimbo za kwaya. Sauti za wazee waliohojiwa na redio ndogo ya mtaani, na ambao leo hawapo tena. Familia iliyohama, kwa volkano au kwa vita, inaweza kununua sufuria nyingine siku moja. Picha ya marehemu mama, kama ilikuwa moja, imekwisha.

Ndiyo maana siku hizi wenye uwezo kidogo, iwe parokia, kwaya, redio ndogo, au familia yenye mtoto anayetuma pesa kutoka ng'ambo, wanaanza kujitengenezea seva ya nyumbani. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kompyuta ya kawaida, mara nyingi ya zamani, inayotiwa diski mbili, tatu au nne, na kila mtu nyumbani anatuma picha zake humo kutoka kwenye simu. Swali la kwanza huulizwa dukani: diski hizi zipangwe namna gani kusudi moja ikifa, vyote visipotee? Muuzaji hujibu kwa tarakimu, sifuri, moja, tano, sita, kumi, na mnunuzi huchagua ile inayomwachia nafasi kubwa zaidi.

Tarakimu hizo zina historia, na nyingi kati yake zilitoka katika chuo kimoja cha Marekani. Hesabu iliyofanywa huko ilikuwa sahihi. Lakini ilifanywa kwa ajili ya jumba lenye umeme wa kudumu na fundi anayesubiri mlangoni, na hilo muuzaji halisemi.

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitangazwa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilitengenezwa San Jose, California, na kikosi kilichoongozwa na Reynold Johnson, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia kiwandani. Mashini hiyo, iliyoitwa RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, kila sahani ikiwa na upana wa sentimeta 61 hivi. Uzito wake ulikaribia tani moja. Na ndani yake ziliingia herufi milioni 5 tu. Picha moja nzuri ya simu ya leo ingeijaza.

Sahani za RAMAC zilipakwa rangi yenye oksidi ya chuma, ambayo ndiyo iliyoshika sumaku. Diski za leo hutumia mchanganyiko wa madini, na moja ya madini hayo ni kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mtu wa Kolwezi anayeuziwa diski kwa bei ya juu ana haki ya kucheka kidogo.

Wakati wa RAMAC hakuna aliyefikiria kununua mbili kwa ajili ya usalama. Kampuni zilikodi moja kwa maelfu ya dola kwa mwezi, na zilizoogopa hasara zilinakili data zao kwenye tepi na kwenye kadi za karatasi. Wazo la kuandika kila kitu mara mbili lilipata soko miaka ya 1970, na walioliweka sokoni walikuwa wanauzia mabenki. Kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa California mwaka 1974, ilitengeneza kompyuta ambazo kila sehemu muhimu ilikuwa na pacha wake, na diski pia. Kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kiliandikwa saa hiyohiyo kwenye ya pili. Mafundi waliita mpangilio huo kioo, kwa sababu diski moja ni sura ya mwenzake. Gharama yake ni rahisi kueleza: unalipa mbili, unatumia nafasi ya moja. Benki ilikubali, kwa kuwa dakika moja ya kutojua fedha za wateja ziko wapi ilikuwa ghali kuliko diski.

Wengine walitafuta njia ya kubana matumizi. Mwaka 1978 mhandisi wa IBM, Norman Ken Ouchi, alipata hataza ya mfumo wa kurudisha data za kifaa kilichokufa kwa kutumia vile vilivyobaki. Ujanja wake unaeleweka hata bila kompyuta. Chukua madaftari matatu, kila moja lina namba: 4, 9 na 6. Daftari la nne linaandika jumla, 19. Daftari la pili likiungua, unachukua 19, unatoa 4, unatoa 6, na 9 yako imerudi. Mashini haijumlishi hivyo hasa, inaangalia kama idadi ya moja ni shufwa au witiri, lakini akili ni ileile. Badala ya kununua pacha kwa kila daftari, unanunua daftari moja la ziada kwa kundi zima.

Mambo yalibadilika pale diski ndogo zilipotokea. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyoweza kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walimu wawili, David Patterson na Randy Katz, pamoja na mwanafunzi wao Garth Gibson kutoka Kanada, walijiuliza swali ambalo leo linaonekana la kawaida: kwa nini kompyuta kubwa ziendelee kununua diski moja kubwa ya bei ghali, wakati diski nyingi ndogo za bei rahisi zikikusanywa zinaweza kubeba kiasi hichohicho na kufanya kazi kwa haraka zaidi?

Jibu lao walilitoa katika mkutano wa wataalamu huko Chicago, Juni 1988, kwenye makala iliyoupa mpangilio huo jina la RAID. Kikwazo kilikuwa kimoja, na walikieleza bila kuficha. Diski ndogo waliyoichukua kama mfano ilihesabiwa kuishi kwa wastani saa 30,000, zaidi ya miaka mitatu. Ukiweka 100 pamoja, unagawa kwa 100: kwa wastani moja itakufa kila baada ya saa 300, chini ya wiki mbili. Na kama data zimetawanywa juu ya diski zote, kifo cha moja ni kifo cha kazi nzima. Bila akiba, walisema, mkusanyiko wa namna hiyo hauna faida.

Kisha wakafanya hesabu ya pili, wakiwa na akiba. Diski 100 za data, kila kundi la 10 likiongezewa moja ya kukagua, jumla 110. Sasa data zinapotea tu kama diski ya pili ya kundi lilelile inakufa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa. Matokeo: saa 820,000 hivi, yaani miaka zaidi ya 90. Kutoka wiki mbili hadi miaka 90, kwa kuongeza diski 10! Ndiyo hesabu iliyoshawishi viwanda. Makala ilitaja mipangilio mitano, kuanzia kioo, waliyoipa namba 1, hadi ule wa namba 5 ambao jumla haikai kwenye diski moja bali inazungushwa juu ya zote ili moja isichoke peke yake. Namba 6, yenye akiba mbili, ilikuja baadaye. Namba 0 pia, ambayo haina akiba yoyote. Mafundi hutania kwamba sifuri ni idadi ya mafaili utakayobaki nayo.

Lakini miaka 90 ile ilisimama juu ya namba moja ndogo ambayo wauzaji hawakuichapisha kwenye sanduku. Watu wa Berkeley walikadiria kwamba diski ikifa, nyingine itawekwa na kujazwa tena ndani ya saa 1. Katika hesabu yao, muda huo ndio unaogawa kila kitu. Ongeza muda, usalama unashuka kwa kiasi hichohicho.

Sasa mtu afanye hesabu hiyo akiwa Uvira au Butembo. Diski imekufa siku ya Jumatatu. Ya ukubwa huo haipo dukani, inaagizwa Kampala au Nairobi, inangoja gari, inangoja barabara, inangoja forodha. Tuseme wiki mbili, na wiki mbili ni bahati. Wiki mbili ni saa 336. Gawa 820,000 kwa 336: zinabaki saa 2,440 hivi, karibu siku 100. Mkusanyiko uleule, diski zilezile, na miaka 90 imekuwa miezi mitatu na siku chache. Bila shaka hakuna nyumba ya Kivu yenye diski 110, na diski nne hazitakufa kwa kasi hiyo. Ila uwiano haubadiliki: kuchelewa mara 336 ni kupungukiwa mara 336. Kwa hiyo mwenye bajeti ya diski tatu anafanya vizuri kutumia mbili na kuacha ya tatu kabatini, ndani ya mfuko wake usiofunguliwa, kuliko kuziweka zote kazini siku ya kwanza.

Mwaka 2007, yule mwanafunzi Garth Gibson, sasa akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alirudi kwenye jambo hilo pamoja na mwenzake Bianca Schroeder. Walikusanya kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini kweli. Karatasi za viwanda zilikuwa zinaahidi kwamba kwa mwaka haifi hata diski 1 kati ya 100. Kumbukumbu zilionyesha kwamba 2 hadi 4 kwa 100 zilikuwa zinabadilishwa kila mwaka, na mahali pengine hadi 13. Jambo la pili waliloliona ni kubwa zaidi kwa anayenunua diski zake zote siku moja kwenye duka moja: vifo havikuja kimoja kimoja bila uhusiano, kama hesabu ya 1988 ilivyodhani. Vilikuwa na tabia ya kufuatana. Matokeo hayo yalisomwa San Jose, mji uleule ulioizaa RAMAC.

Katikati ya miaka hiyo diski zilikuwa zimekua kupita kiasi. Diski ya mfano ya Berkeley ilikuwa na megabaiti 100, na kuijaza upya ilikuwa kazi ya dakika. Diski ya terabaiti 4 ya leo, ikiandikwa megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika, inachukua saa saba na zaidi. Ya terabaiti 12, hata kwa megabaiti 200 kwa sekunde, inakaribia saa 17. Katika mpangilio wa namba 5, muda huo wote diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, nazo ni za umri uleule na mwaka uleule wa kutoka kiwandani. Ikianguka moja zaidi, basi. Hapo ndipo wengi wamepoteza kila kitu: diski ya kwanza ilikufa kwa amani, ya pili ilikufa kwa kazi ya kumwokoa mwenzake.

Na umeme? Rudi kwenye madaftari. Namba ya pili inabadilishwa kutoka 9 kuwa 8, na kabla daftari la jumla halijaandika 18, umeme unakatika. Jumla bado inasema 19. Hakuna anayejua. Miezi sita baadaye daftari la kwanza linaungua, hesabu inafanywa, na badala ya 4 inarudi 5. Faili linafunguka likiwa limeharibika, au halifunguki kabisa. Makampuni makubwa yalijikinga kwa kuweka betri ndogo kwenye kadi inayoongoza diski. Mwaka 2005 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa mfumo wa ZFS, kazi iliyoongozwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, ambao hauandiki juu ya kilichopo: unaandika kipya pembeni, ukishamaliza ndipo unahamisha alama. Umeme ukikatika katikati, cha zamani bado kipo kizima. Mfumo huo unapatikana bure leo, hata kwenye Linux. Panapokuwa na delestaji kila siku, hiyo si anasa ya wataalamu, na betri ya akiba mbele ya mashini si anasa pia.

Basi mnunuzi mwenye diski nne za terabaiti 4 anarudi mbele ya muuzaji. Namba 5 itampa terabaiti 12 na kuvumilia kifo kimoja. Namba 6 itampa 8 na kuvumilia vifo viwili vyovyote. Vioo viwili, ndiyo ile namba 10, vitampa 8 pia, na kuvumilia vifo viwili mradi visiwe vya mapacha wa kioo kimoja. Kwenye karatasi, namba 6 ndiyo mshindi kwa nyumba isiyohama.

Ila nyumba za hapa huhama. Na hapo kioo kile cha zamani, ambacho watu wa Berkeley walikiona kuwa cha gharama mno, kina jambo moja ambalo hesabu ya 1988 haikuwa na sababu ya kulipima. Ukitoa diski moja kutoka kwenye kioo cha diski mbili, mkononi una kila kitu: kila picha, kila wimbo, kila karatasi. Ukitoa diski moja kutoka kwenye namba 5 au 6, mkononi una vipande. Ni kama kubeba kila ukurasa wa nne wa daftari. Kwa diski nne za namba 5 lazima ubebe tatu, na ukifika salama lazima upate kompyuta yenye nafasi ya tatu na mtu anayejua kuziunganisha. Diski moja haifiki kilo. Inaingia katikati ya nguo za mtoto.

Kwa familia, kwaya au redio ndogo yenye pesa za diski mbili au tatu, hakuna sababu nzuri ya kuchagua kitu kingine zaidi ya kioo. Nafasi itaonekana ndogo. Filamu zilizopakuliwa zifutwe kwanza kabla ya kulalamika.

Kuna kosa moja zaidi, nalo halitegemei namba gani imechaguliwa. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, amri moja iliyoandikwa vibaya ilianza kufuta filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa bado inatengenezwa. Walipokimbilia nakala za tepi, walikuta hazifai. Kilichowaokoa ni kwamba mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na anafanya kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Waliibeba kwa gari hadi studio, imefungwa kwenye mablanketi. Kioo kisingewasaidia: kinachofutwa upande huu kinafutwa upande ule saa hiyohiyo. Mtoto akifuta folda ya picha, mwizi akibeba mashini nzima, au lava ikipita ndani ya nyumba kama ilivyopita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, diski mbili ndani ya sanduku moja ni sawa na moja.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza desturi ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa watu wa hapa, mahali pengine si lazima pawe intaneti, ambayo bei yake inajulikana. Ni diski ya ziada kwa shangazi aliyeko Bukavu, kwa ndugu aliyeko Kisangani, kwa mtoto anayesoma Bujumbura. Inapelekwa na mashua au basi, na kila baada ya miezi michache inabadilishana na nyingine. Ifungwe kwa neno la siri, maana njiani kuna mikono mingi.

Kabla ya kuamini lolote, kuna jaribio la kufanya. Mashini inazimwa, diski moja ya kioo inatolewa, inafungwa kwenye kompyuta ya jirani, na picha moja inatafutwa, kwa kusoma tu bila kuandika chochote. Baadhi ya visanduku vinavyouzwa huandika diski zake kwa namna ambayo kompyuta nyingine haiisomi bila programu maalumu, na dukani hilo halitajwi. Picha ikionekana, diski inarudishwa mahali pake. Kama kioo kitaamua kujinakili upya, ni zile saa saba kwa terabaiti 4, kwa hiyo ianze siku ambayo umeme upo tangu asubuhi.